Kunukuu programu za kompyuta katika utafiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watafiti wa Lamu na Malindi

Ukurasa huu nimewaandikia vijana wanaofanya utafiti huku kwetu pwani ya kaskazini: anayepima mikoko Lamu, anayehesabu matumbawe Malindi na Watamu, anayechimba magofu kisiwani Pate, anayerekodi Kiamu na Kibajuni kwa wazee. Nimesoma rasimu nyingi za tasnifu na makala, na upungufu mmoja hunirudia karibu kila mara. Mwandishi hunukuu kila kitabu alichokifungua, hata kile alichosoma ukurasa mmoja, kisha programu iliyomfanyia hesabu zote huipa maneno manne: "data zilichanganuliwa kwa kompyuta". Maswali haya ndiyo ninayoulizwa nikirudisha rasimu hizo.

Nimeandika katika sura ya mbinu kwamba nilitumia QGIS, programu ya ramani. Hiyo si ndiyo kunukuu?

Hapo umetaja, bado hujanukuu. Kunukuu ni kuipa programu ingizo lake kamili katika orodha ya marejeleo, lenye waundaji, jina, toleo, mwaka na mahali inapopatikana, kisha kulirejelea ingizo hilo ndani ya matini kama unavyofanya kwa kitabu au makala. Mifumo inayohesabu nani amenukuliwa mara ngapi husoma orodha ya mwisho. Sentensi iliyojificha ukurasa wa 34 haihesabiwi.

Mwaka 2016 James Howison na Julia Bullard walichapisha uchunguzi wao wa makala 90 za biolojia. Katika mara zote programu zilipotajwa, ni kati ya asilimia 31 na 43 tu zilizokuwa na nukuu rasmi. Zilizobaki zilitajwa kwa jina, na pengine bila hata jina lililokamilika. Basi tatizo hili si la wanafunzi wetu peke yao, ila sioni kwa nini tulirithi.

Mwalimu, nijisumbue kwa nini? Wahakiki hawajawahi kuniuliza.

Nitakueleza lililonifika mimi. Niliwahi kuchagua viwanja 40 vya kupimia mikoko kando ya mkondo wa Mkanda, Lamu, kati ya viwanja 300 vilivyokuwa kwenye ramani. Niliviteua kwa bahati nasibu ndani ya R, programu ya takwimu, na nikaweka ile namba ya kuanzia, wanayoiita mbegu, ili orodha itoke vilevile kila nikiendesha skripti, yaani faili yangu ya amri. Nikaenda kupima, nikarudi. Baadaye nikapata laptopu mpya, nikasakinisha R mpya, nikaendesha skripti ileile kwa mbegu ileile. Orodha ikatoka nyingine kabisa. Viwanja nilivyovipima kwa kukanyaga tope hadi magotini havimo, na nisivyovikanyaga vimejaa.

Wiki mbili nilidhani nimeharibu data. Kumbe R toleo 3.6.0, lililotoka Aprili 2019, lilibadilisha namna kitendo cha sample() kinavyochagua namba. Njia ya kale ilikuwa na upendeleo mdogo, wakairekebisha, na walikuwa na haki ya kuirekebisha. Taarifa yao ilikuwa wazi kwa kila mtu. Kosa lilikuwa langu: katika rasimu nilikuwa nimeandika "R" tu. Lau ningeandika "R 3.5.1", ningeitambua sababu siku ya kwanza, maana R yenyewe inakuruhusu kurudi kwenye njia ya zamani kwa amri moja ya RNGkind().

Mtu aliyesoma chuo cha Kurani Lamu haelezwi zaidi ya hapo. Anajua kwamba habari hupokelewa pamoja na sanad yake: fulani kutoka kwa fulani, jina kwa jina. Msikilizaji hupewa njia ya kurudi nyuma mpaka kwenye chimbuko. Matokeo ya utafiti yaliyopita ndani ya programu yamepita mkononi mwa watu, na mkono huo una jina na una tarehe.

Kuna na haki ya waundaji. Mwaka 2014 taasisi ya Software Sustainability Institute ya Uingereza iliwauliza watafiti wa vyuo vikuu nchini humo. Asilimia 92 walisema wanatumia programu za utafiti, na asilimia 69 walisema kazi yao isingewezekana bila programu hizo. Wengi wanaoziandika hawaziuzi. Wanaishi kwa ruzuku au mishahara ya vyuo, na wanapoulizwa kazi yao imemfaa nani, ushahidi wao ni nukuu. Usiponukuu, umemnyima mtu ushahidi wake, na yeye hakukudai hata shilingi.

Je, kuna kanuni zinazokubalika, au kila jarida na lake?

Zipo. Mwaka 2016 kikundi cha FORCE11, jumuiya ya watu wanaoshughulikia uchapishaji wa kitaaluma, waandishi wakiwa Arfon Smith, Daniel Katz na Kyle Niemeyer, kilichapisha kanuni sita za kunukuu programu. Kwa maneno yangu: programu ipewe uzito sawa na makala, waundaji wote wapewe stahiki yao, iwe na kitambulisho kisichogongana na kingine, kitambulisho hicho kidumu hata programu yenyewe ikifa, msomaji aweze kuifikia, na nukuu itaje hasa toleo lililotumika. Majarida yanatofautiana katika umbo la ingizo, yaani koma na herufi za mlazo, lakini ukizifuata kanuni hizi sita mhariri yeyote ataweza kupanga ingizo lako kwa mtindo wake.

Nimetumia programu zaidi ya ishirini. Zote ninukuu?

La. Jiulize swali moja: ningebadilisha chombo hiki, matokeo yangeweza kubadilika? Kama ndiyo, kinukuu. Programu ya takwimu, ya ramani, ya kuchanganua sauti, ya kurekebisha tarehe za kaboni, ya kupanga vinasaba, zote zimo. Ile uliyochapia maneno, uliyotumia barua pepe au uliyopunguzia ukubwa wa picha, achana nayo.

Katikati hapo pana vitu vya kutumia busara. Mfumo wa uendeshaji, kwa mfano, sinukuu, ila nautaja. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii waligundua kwamba skripti zilizoandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, zilizochapishwa 2014, zilizotumiwa na wakemia wengi, zilitoa majibu tofauti kwenye kompyuta za mifumo tofauti. Sababu yake ni jambo dogo kweli: kila mfumo ulizipanga faili kwa utaratibu wake, na skripti ilidhani utaratibu ni mmoja. Kwa hiyo sentensi moja inayosema "kwenye Windows 11" au "kwenye Ubuntu 22.04" haina hasara.

Na vifurushi, yaani zile nyongeza unazosakinisha ndani ya R? R peke yake haitoshi. Kama hesabu yako ya anuwai ya samaki ilifanywa na kifurushi cha vegan, nukuu R na nukuu vegan. Vifurushi vidogo vilivyoitwa na vegan kwa ndani huna haja ya kuvinukuu kimoja kimoja, lakini hifadhi orodha yao. Amri ya sessionInfo() hukupa yote kwa pamoja, nayo uiweke kwenye kiambatisho.

Maelezo gani lazima yawemo?

Ukienda kwa mfanyabiashara wa miti Lamu ukamwambia "nipe mikoko", hatakupa kitu. Atakuuliza: fito, pau, boriti au nguzo? Kila moja ina unene wake na kazi yake, na nyumba iliyotaka boriti haitasimama kwa pau. Jina la programu bila toleo ni agizo la namna hiyo.

Waundaji, jina la programu, namba ya toleo, mwaka wa toleo hilo, mchapishaji au hifadhi iliko, na kitambulisho cha kudumu kama DOI. DOI ikikosekana, kiungo cha tovuti rasmi. Ndani ya matini inakuwa hivi:

"Uchanganuzi ulifanywa kwa R, toleo 4.3.2 (R Core Team, 2023), pamoja na kifurushi cha vegan, toleo 2.6-4 (Oksanen na wenzake, 2022)."

Na katika orodha, ingizo la R linakuwa hivi:

R Core Team (2023). R: A language and environment for statistical computing. Toleo 4.3.2. R Foundation for Statistical Computing, Vienna, Austria. https://www.R-project.org/

Toleo liandike siku ileile unapofanya kazi, kwenye daftari lako la uwanjani ikibidi. Ukingoja hadi siku ya kuandika sura ya mbinu, kompyuta itakuwa imeshajisasisha mara tatu, nawe utaandika toleo la leo kwa kazi ya mwaka jana. Hilo nimeliona mara nyingi, nalo ni baya kuliko kukaa kimya, kwa sababu linampeleka msomaji njia ya kando huku akidhani yuko sawa.

Programu ninayotumia mimi ni RStudio. Ninukuu hiyo?

Hapa wengi hujikwaa. RStudio ni dirisha la kufanyia kazi. Anayehesabu ni R, aliye nyuma ya dirisha. Zina namba tofauti za matoleo na waundaji tofauti: R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na sasa inatunzwa na R Core Team, ilhali RStudio ni ya kampuni ambayo tangu 2022 inaitwa Posit. Nukuu R kwanza, lazima. RStudio ukipenda uiongeze, lakini isikalie kiti cha R.

Nitapata wapi maneno sahihi ya kunukuu? Sitaki kubuni.

Usibuni, waundaji wengi wameshakuandikia. Ndani ya R, andika citation() uone ingizo la R yenyewe, na ukitaka la kifurushi, weka jina lake katika alama za kunukuu ndani ya hayo mabano. Tangu 2024 vifurushi vilivyoko CRAN, hifadhi rasmi ya vifurushi vya R, vimepewa DOI, kwa hiyo kile kisingizio cha "havina kitambulisho" kimekwisha.

Programu ikiwa GitHub, tovuti ambako watu huweka misimbo yao, tafuta faili inayoitwa CITATION.cff. Ni faili ya maandishi ya kawaida ambamo waundaji wameandika jinsi wanavyotaka kunukuliwa, na tangu 2021 GitHub huisoma na kukuonyesha kitufe cha kunakili nukuu upande wa kulia wa ukurasa. Kwa programu yenye madirisha, kama QGIS, fungua menyu ya msaada uone namba ya toleo, kisha tovuti rasmi kwa maelezo mengine. Ukikosa kote huko, tafuta kama programu ina makala katika Journal of Open Source Software, jarida lililoanza 2016 mahususi kwa programu za utafiti.

Programu ina makala yake iliyochapishwa. Ninukuu makala au programu?

Zote mbili. Makala inaeleza wazo na mbinu, nayo mara nyingi ndiyo waundaji wanayoomba inukuliwe. Lakini makala haibadiliki, na programu hubadilika kila baada ya miezi. Mfano: makala ya NumPy, kifurushi cha hesabu cha Python, ya Harris na wenzake ilitoka katika Nature mwaka 2020, na NumPy uliyonayo wewe bila shaka ni mpya kuliko hiyo. Makala haimwambii msomaji ni toleo lipi lililopita kwenye data yako. Matplotlib, kifurushi cha kuchorea grafu, ni hivyohivyo: makala ni ya John D. Hunter, 2007. Hunter alifariki 2012, na watu wengine wanaendelea kuitunza programu aliyoiacha. Ukinukuu makala umempa yeye stahiki yake, na ukiongeza toleo umewatambua pia waliopokea kazi baada yake.

Mhariri akikataa zote mbili, basi fuata ombi la waundaji, na namba ya toleo iweke ndani ya matini.

Zenodo, ile hifadhi ya mtandaoni, inanionyesha DOI mbili kwa programu moja. Nichukue ipi?

Moja ni ya programu kwa jumla, nayo humpeleka msomaji kwenye toleo jipya kuliko yote. Nyingine ni ya toleo moja tu. Kwa utafiti uliofanyika, chukua ya toleo. Ile ya jumla inafaa ukiwa unaizungumzia programu kwa ujumla wake, kama vile "zipo programu kadhaa za kazi hii, mojawapo ni".

Zotero, programu ninayopangia marejeleo, imeandika "Team, R. C." kwenye orodha yangu. Ni sawa?

Si sawa, na lirekebishe leo. Zotero imedhani "R Core" ni jina la kwanza na "Team" ni jina la ukoo. Kwenye sehemu ya mwandishi pana kitufe kidogo cha kugeuza visanduku viwili vya jina kuwa kimoja. Kibonyeze, kisha uandike R Core Team kama lilivyo. Kwa wanaopanga maandishi yao kwa LaTeX, jina la kikundi litiwe ndani ya mabano yaliyopinda mara mbili. Kosa hili limechapishwa hata katika majarida makubwa.

Natumia SPSS, Stata au Excel. Hizi ni za biashara, zinahitaji nukuu?

Zinahitaji, kwa sababu zilezile. Kwa SPSS mwandishi ni IBM Corp., na kwa Stata ni StataCorp, pamoja na namba ya toleo na mwaka wake. Mtindo wa APA katika toleo lake la 7 unaruhusu programu zinazojulikana sana zitajwe ndani ya matini tu bila kuingia katika orodha. Ukiwa unaandika kwa mtindo huo hutakuwa umekosea ukifanya hivyo, lakini mimi huwashauri wanafunzi waziingize hata hivyo. Hakuna mhakiki aliyewahi kukataa tasnifu kwa ajili ya ingizo moja la ziada.

Excel inastahili neno lake. Kama ulihesabu wastani ndani yake, sema, maana ina tabia zake. Hugeuza maandishi kuwa tarehe bila kukuuliza. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina kama SEPT1 kuwa SEPTIN1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyasoma kama Septemba mosi.

Na swali mnaloniuliza kwa sauti ya chini: nakala yenyewe si ya leseni, nifanye nini? Usiandike katika tasnifu kwamba una leseni usiyokuwa nayo. Hamia kwenye programu huria kabla hujaanza uchanganuzi. R ni bure, jamovi ni bure na madirisha yake yanamfaa aliyezoea SPSS, PSPP pia ipo. Chuo chako nacho huenda kina leseni ya wanafunzi ambayo hakuna aliyekwenda kuiulizia.

Mimi ni wa akiolojia. Tarehe zangu za kaboni zimerekebishwa kwa OxCal. Niandike nini?

Andika OxCal na toleo lake, kwa mfano 4.4, na makala ya Christopher Bronk Ramsey ya 2009. Halafu, na hapa ndipo rasimu nyingi hukwama, nukuu mstari wa urekebishaji uliouchagua. OxCal ni chombo, mstari ni kipimo kilichomo ndani ya chombo. Upo IntCal20 wa kizio cha kaskazini (Reimer na wenzake, 2020), SHCal20 wa kizio cha kusini (Hogg na wenzake, 2020), na Marine20 kwa vitu vya baharini (Heaton na wenzake, 2020).

Kwetu uchaguzi huu si jambo la kupita. Lamu iko nyuzi mbili na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo mtu angedhani SHCal20 inatosha. Lakini nyie watu wa pwani mnajua: msimu wa kaskazi hewa inatujia kutoka kaskazini, msimu wa kusi inatoka kusini. Mti uliokua Pate umevuta hewa za pande mbili. Ndiyo maana wapo watafiti wa maeneo ya karibu na ikweta wanaochanganya mistari miwili. Lolote uamualo, liandike pamoja na sababu. Na kama ulichopeleka maabara ni kombe au simbi, mstari ni wa baharini, na marekebisho ya mahali uliyoyaongeza nayo yataje kwa namba. Mtu anayesoma tarehe zako za Shanga au Manda baada ya miaka kumi, mistari mipya ikiwa imetoka, ataweza kuzirekebisha upya ikiwa tu umempa tarehe ghafi na majina haya yote.

Ninarekodi Kiamu. Praat na ELAN nazo ni za kunukuu?

Naam. Praat, ya kuchanganua sauti, ni kazi ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, na wanaomba waziwazi namba ya toleo na tarehe uliyoichukua, kwa kuwa matoleo hutoka mfululizo. ELAN, ya kuandikia maelezo juu ya rekodi za sauti na video, ni ya Taasisi ya Max Planck ya Isimu-Saikolojia, Nijmegen, Uholanzi. Andika pia mipangilio uliyotumia katika Praat, hasa kiwango cha juu cha formanti, yaani mawimbi makuu yanayoitofautisha irabu moja na nyingine, kwani sauti ya bibi wa Shela na ya kijana wa kiume hazipimwi kwa mpangilio mmoja. Hiyo si nukuu, ila bila hiyo nukuu haina faida.

Ramani za mikoko nimezitengeneza kwa picha za setilaiti. Picha na programu ni nukuu moja?

Ni mbili, na pengine tatu. Picha ni data: Landsat ni ya Marekani, Sentinel-2 ni ya Ulaya, kila moja na masharti yake ya kutajwa. Programu ni QGIS au nyingineyo. Kama ulifanya kazi ndani ya Google Earth Engine, nukuu makala ya Gorelick na wenzake ya 2017. Earth Engine inaendeshwa kwenye kompyuta za wenyewe huko mbali, na wewe huchagui toleo. Badala ya namba ya toleo andika tarehe uliyoendesha skripti, na skripti yenyewe ihifadhi mahali pa kudumu.

Fomu zetu za dodoso tulizijaza kwa simu, kwa KoboToolbox au ODK. Hizo je?

Zinukuu, kwa ufupi, katika sehemu ya ukusanyaji. Ambatisha na fomu yenyewe.

Na sisi tunaopenda nyota? Malindi kuna kituo cha anga.

Swali hili linanifurahisha. Kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kabisa kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Jina lake ni la Kiswahili kwa sababu siku hiyo ni Jamhuri yetu, kumbukumbu ya uhuru. Wanaastronomia wana sajili yao ya programu, Astrophysics Source Code Library, iliyoanza 1999, ambayo huipa kila programu namba inayoanza na ascl. Ukichanganua data za anga kwa Astropy, kifurushi cha Python cha wanaastronomia, tazama kwenye tovuti yao. Wameorodhesha makala tatu, za 2013, 2018 na 2022, na maneno ya kunakili.

Ukurasa wa programu niliyotumia umetoweka. Nitanukuu hewa?

Itafute Software Heritage, hifadhi iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 2016 na taasisi ya Inria ili kutunza misimbo ya programu kutoka kote duniani. Kila kipande kilichomo kina kitambulisho kiitwacho SWHID, kinachotokana na maandishi ya msimbo wenyewe. Herufi moja ikibadilika, kitambulisho kinabadilika. Ukikipata, kiweke kwenye ingizo lako. Ukikosa, na una nakala kwenye kompyuta yako, eleza hivyo katika matini: jina, toleo, uliipata lini na wapi. Kama leseni inaruhusu, iweke nakala hiyo hifadhini.

Msimamizi wangu anasema marejeleo yamezidi. Na jarida limeweka kikomo.

Kwa msimamizi, mpelekee ukurasa wa waundaji wanaoomba wanukuliwe. Mara nyingi hiyo inatosha, kwani wazee wetu wengi walisoma wakati programu ilikuwa haihesabiwi. Mweleze kwa adabu, usimshinde mbele za watu.

Kwa jarida, mwandikie mhariri umuulize kama nukuu za programu na data zinaweza kutohesabiwa katika kikomo. Akikataa, anza kwa kupunguza marejeleo yale matano yanayosema jambo moja kwenye utangulizi. Kuzihamishia programu kwenye kiambatisho kuwe njia ya mwisho, maana viambatisho kwa kawaida havisomwi na mifumo ya kuhesabu nukuu.

Nilitumia akili unde, kama ChatGPT, kuandika msimbo. Niiweke kama mwandishi mwenza?

Hapana. Mwezi Februari 2023 kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilieleza kwamba zana hizi haziwezi kuwa waandishi, kwa kuwa haziwezi kubeba dhamana ya kazi. Dhamana ni yako. Taja jina la zana, toleo, tarehe na kazi iliyoifanya, halafu fuata masharti ya jarida lako. Msimbo ilioandika uupime mstari kwa mstari kwa data ambayo jibu lake unalijua. Na usiiombe ikutengenezee marejeleo: nimeshapokea rasimu yenye makala zisizokuwepo duniani, DOI zikiwa zimepangwa vizuri kabisa.

Nimeandika skripti yangu mwenyewe ya kuhesabu samaki wa mtegoni. Ni ya kunukuliwa nayo?

Hili ndilo swali ninalotaka mniulize zaidi. Kijana wa Faza au Kipini aandikapo skripti ya kusafisha data za wavuvi, kazi ile huzunguka kwa flashi na WhatsApp, kila mtu anaitumia, na baada ya miaka mitatu hakuna ajuaye nani aliiandika.

Kwanza, andika majina. Aliyeandika msimbo ni mwandishi wa programu, hata kama ni msaidizi wa utafiti asiye na shahada. Aliyekufundisha majina ya samaki na majira ya maji ana haki ya kushukuriwa kwa jina, akiridhia. Jisajili ORCID, sajili ya watafiti, ni bure, upate namba yako ya tarakimu 16. Itakusaidia hasa kama jina lako ni Mohamed Ali, maana Mohamed Ali wako wengi.

Pili, weka leseni. Watu hudhani msimbo usio na leseni ni wa wote. Kisheria ni kinyume: bila leseni, mwingine hana ruhusa ya kuutumia wala kuubadilisha. Leseni ya MIT ni fupi na inaruhusu karibu kila kitu mradi jina lako libaki. Ya GPL inamtaka anayeisambaza kazi iliyojengwa juu ya yako aiache huria vilevile.

Tatu, uhifadhi. Zenodo, iliyoanzishwa 2013 na kuendeshwa na CERN, hupokea bila malipo na kukupa DOI. Ukiwa na akaunti ya GitHub unaziunganisha, na kila utoapo toleo Zenodo huchukua nakala bila kuombwa. Mtandao ukiwa wa kusuasua, hulazimiki kupitia GitHub: funga faili zako pamoja, uzipandishe Zenodo moja kwa moja. Unaweza hata kutenga DOI kabla ya kuchapisha, ukaiweka kwenye makala inayosubiri wahakiki. Mwisho ongeza faili ya CITATION.cff ili wengine wasibuni jina lako.

Lakini angalia unachopandisha pamoja na skripti. Mahali kasa wanapotaga, makaburi na magofu ambayo hayajachimbwa, majina ya wavuvi waliokwambia wanavua wapi: hivyo visitoke. Weka data za mfano za kubuni zinazotosha kuonyesha skripti inafanya kazi.

Naandika kwa Kiswahili. Nitafsiri majina ya programu?

Jina la programu na kichwa cha makala viache vilivyo, ili msomaji avipate akivitafuta. Maneno yako wewe yawe Kiswahili: toleo, kifurushi, "na wenzake", "imepatikana tarehe". Kuwa thabiti tu, usiandike "toleo" ukurasa mmoja na "version" ukurasa wa pili.

Nimeshachapisha bila kunukuu programu yoyote. Nifanye nini sasa?

Kama toleo la programu halibadilishi matokeo, nukuu vizuri katika makala ijayo, na kwenye hifadhi ulikoweka data ongeza faili ya maelezo yenye majina na matoleo. Kama linabadilisha, au kuna mtu ameshindwa kurudia kazi yako, mwandikie mhariri uombe sahihisho. Matoleo ukiwa huyakumbuki, tarehe za faili zako za zamani zitakuonyesha ulifanya kazi lini, na historia ya matoleo kwenye tovuti ya programu itakuonyesha ni lipi lililokuwa jipya siku hizo. Andika kwamba umekadiria hivyo.

Tasnifu ambayo haijajalidiwa haina udhuru. Fungua kompyuta ileile uliyofanyia kazi, kabla hujaisasisha, uendeshe sessionInfo(), na matokeo yake uyanakili kwenye kiambatisho leo hii.